Kinyozi Hajinyoi: Oklahoma na Uchaguzi wa Mwalimu wa Mashambulizi

Mkuu wa kazi yo yote huwa na fani moja aijuayo sana, na nyingine nyingi azijuazo kidogo. Ile aijuayo sana ndiyo iliyompa ukuu. Zile azijuazo kidogo ndizo ziwezazo kumnyang'anya. Kwa sababu hiyo hekima ya mkuu hupimwa zaidi katika kuchagua watu kuliko katika kutenda mwenyewe. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, wala hawakusema hivyo kwa kumdharau kinyozi. Walionyesha kuwa hata mkono stadi una mahali usipoweza kufika, na ya kuwa mwenye mkono huo hana budi kuinamisha kichwa chini ya wembe wa mtu mwingine. Kuinama huko ni rahisi kukisifu na kugumu kukitenda. Historia ya timu ya mpira ya Chuo Kikuu cha Oklahoma, katika Marekani, yaonyesha ugumu huo mara tatu katika muda wa miaka 25.

Mpira huo si ule upigwao kwa miguu, upendwao katika Afrika ya Mashariki. Kila upande huwa na watu 11 uwanjani, na kiwanja kina urefu wa yadi 100 toka mstari wa goli wa upande mmoja hata wa upande wa pili. Timu yenye mpira hupewa nafasi 4 za kusonga mbele yadi 10. Ikizipata yadi hizo hupewa nafasi 4 nyingine. Ikizikosa huutoa mpira kwa adui. Njia za kusonga mbele ni mbili: kuukumbatia mpira na kukimbia nao, au kuurusha kwa mkono kwa mwenzi aliye mbele. Mchezaji aupokeaye mpira kwanza, na kuamua uende wapi, huitwa kwotabeki. Washambulizi ni kikosi kimoja na walinzi ni kikosi kingine, nao hupokezana uwanjani. Kwa hiyo chini ya mwalimu mkuu huwapo mwalimu wa mashambulizi na mwalimu wa ulinzi. Mwalimu wa mashambulizi ndiye apangaye jinsi ya kushambulia, na katika timu nyingi ndiye achaguaye, nafasi baada ya nafasi, hila itakayotumiwa. Akifaulu, sifa humwendea kwotabeki na mwalimu mkuu. Akishindwa, lawama humrudia yeye kabla watazamaji hawajatoka uwanjani.

Mjini Norman, kiliko chuo cha Oklahoma, mpira ulikuwa urithi mkubwa. Chini ya Bud Wilkinson timu ilipata ubingwa wa taifa mwaka 1950, 1955 na 1956, na kati ya mwaka 1953 na 1957 ilishinda mapambano 47 mfululizo. Chini ya Barry Switzer ilipata ubingwa mwingine mwaka 1974, 1975 na 1985. Enzi ya Switzer hasa ilikuwa enzi ya miguu. Wakimbiaji 3 walisimama nyuma ya kwotabeki, na adui hakujua ni nani kati yao atakayeubeba mpira mpaka alipokwisha pitwa. Kurusha mpira hewani kulikuwa jambo la dharura, kama mtu atumiavyo dirisha mlango unapokwama.

Lakini urithi huliwa kama mali nyingine. Switzer aliondoka mwaka 1989, na katika miaka 10 iliyofuata timu ilipitia mikononi mwa walimu wakuu 3. Katika misimu 3 ya mwisho, toka mwaka 1996 hata 1998, ilishinda mapambano 12 na kushindwa 22. Mwezi Desemba 1998 chuo, ambacho rais wake alikuwa David Boren, aliyepata kuwa gavana wa Oklahoma na mjumbe wa Seneti, kilimwita mwalimu mkuu mpya. Jina lake Bob Stoops, na umri wake miaka 38.

Stoops alikuwa mtu wa ulinzi toka utotoni. Baba yake alifundisha ulinzi katika shule ya sekondari mjini Youngstown, Ohio. Yeye mwenyewe alicheza kama mlinzi katika Chuo Kikuu cha Iowa. Kisha akafundisha ulinzi Kansas State na Florida, na akiwa Florida alipata ubingwa wa mwaka 1996 chini ya Steve Spurrier. Mtu wa namna hii aghalabu huchagua mwalimu wa mashambulizi asiyemsumbua: mtu wa tahadhari, atakayebana mpira, asihatarishe cho chote, na kuwaachia walinzi kazi ya kushinda. Stoops hakufanya hivyo. Alijiuliza swali ambalo mlinzi peke yake ndiye aliyeweza kulijibu kwa haki: ni mashambulizi ya nani yaliyomnyima usingizi?

Jibu lilikuwa katika chuo cha Kentucky. Mwaka 1997 na 1998 Florida ilikutana na Kentucky na kushinda mara zote mbili. Mwingine angalitosheka na ushindi huo na kusahau. Stoops alikumbuka taabu ya kuandaa ulinzi dhidi ya timu iliyokuwa na wachezaji dhaifu kuliko wake, lakini iliyowatawanya kiwanja kizima na kurusha mpira bila kuchoka. Mwalimu mkuu wa Kentucky alikuwa Hal Mumme, na mwalimu wake wa mashambulizi alikuwa Mike Leach. Huyo wa pili ndiye Stoops aliyemwita Norman.

Kwa vipimo vya kawaida Leach hakufaa. Hakupata kucheza mpira huo chuoni. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Brigham Young, kisha akapata shahada ya sheria katika chuo cha Pepperdine mwaka 1986. Na badala ya kwenda mahakamani akashika kazi za ualimu wa mpira zenye mshahara mdogo, akafika hata Finland kufundisha. Toka mwaka 1989 alifuatana na Mumme katika vyuo vitatu: Iowa Wesleyan, Valdosta State na Kentucky. Katika safari hiyo watu hao wawili walijenga mfumo uliokuja kuitwa Air Raid, yaani shambulio la angani, ambao mizizi yake ilikuwa katika mchezo wa kurusha uliofundishwa Brigham Young na LaVell Edwards.

Ajabu ya mfumo huo haikuwa wingi wa hila bali uchache wake. Walimu wengine walibeba vitabu vinene vya mipango. Leach alikuwa na mipango michache, ikirudiwa kila siku mpaka miguu ya wachezaji ikaikumbuka bila kuamriwa. Wapokeaji 4 au 5 walitawanywa toka pembe hata pembe, na hata wale wakubwa wa mstari wa mbele waliachana kwa nafasi pana kuliko desturi. Mpira mfupi uliorushwa pembeni ulifanya kazi ya mkimbiaji. Kwotabeki alifundishwa kutazama palipo wazi na kuupeleka mpira hapo, basi. Mfumo huu ulitokana na unyonge: ulibuniwa na watu wa vyuo vidogo, waliojua kuwa hawatapata vijana wakubwa na wenye nguvu kuliko wa adui, wakaamua kukipanua kiwanja ili nguvu ya adui isipate mahali pa kukusanyika.

Mfumo ulihitaji mtu wa kuuendesha, na Norman hakuwapo. Leach alimpata katika chuo kidogo cha Snow, jimboni Utah: kijana atumiaye mkono wa kushoto aitwaye Josh Heupel, mzaliwa wa South Dakota na mtoto wa mwalimu wa mpira. Vyuo vikubwa havikumgombea. Mkono wake haukuwa na nguvu za kustaajabisha, wala miguu yake haikuwa na mbio. Alichokuwa nacho ni jicho la kuona upesi na akili ya kuamua.

Msimu wa mwaka 1999 ulionyesha uwezo wa mwalimu mpya na mpaka wake katika pambano moja. Tarehe 9 Oktoba Oklahoma ilikutana na Texas mjini Dallas. Leach aliandika karatasi ya mipango ya uongo, nayo ikaachwa idondoke mahali ambapo watu wa Texas wangaliiokota. Waliiokota, wakaisoma, wakaisadiki. Mwanzoni mwa mchezo walinzi wa Texas walikimbilia mahali ambapo mpira haukwenda, na Oklahoma ikaongoza kwa pointi 17 bila adui kupata kitu. Lakini karatasi ya uongo haina umri mrefu. Texas walipogundua mchezo waliochezewa walirudi katika maarifa yao wenyewe, na mwisho wa pambano walikuwa wameshinda kwa 38 dhidi ya 28. Hila ilifungua mlango. Ndani ya nyumba palitakiwa nguvu ambazo Oklahoma haikuwa nazo bado.

Hata hivyo timu ilimaliza mwaka huo ikiwa imeshinda mapambano 7 na kushindwa 5, na huo ulikuwa msimu wake wa kwanza tangu mwaka 1993 wa kushinda mara nyingi kuliko kushindwa. Mwezi Desemba Leach aliitwa Texas Tech kuwa mwalimu mkuu. Alikuwa amekaa Norman msimu mmoja tu.

Hapo Stoops alikabiliwa na uchaguzi wa pili, ambao kwa namna fulani ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza. Kumwita mgeni mwenye elimu mpya ni tendo la ushujaa wa siku moja. Kuitunza elimu hiyo baada ya mgeni kuondoka ni kazi ya kila siku. Angaliweza kusema kuwa jaribio limekwisha na kurudia mchezo wa miguu. Badala yake alimpa kazi Mark Mangino, mwalimu aliyekuwamo nyumbani tayari akifundisha wachezaji wa mstari wa mbele, naye akaushika mfumo wa Leach na kuuongezea uzito wa wakimbiaji. Mwaka 2000 Oklahoma iliipiga Texas 63 kwa 14, kisha ikaishinda Kansas State, kisha Nebraska iliyokuwa ya kwanza katika orodha ya taifa. Tarehe 3 Januari 2001, katika pambano la Orange Bowl, iliishinda Florida State 13 kwa 2 ikawa bingwa wa taifa, bila kushindwa hata mara moja katika mapambano 13.

Hesabu ya mwisho yastahili kutazamwa mara mbili. Pointi 13 si nyingi, na zile 2 za adui hazikutoka kwa washambulizi wake bali katika kosa la Oklahoma yenyewe. Usiku ule ulinzi ndio ulioshinda. Yaani Stoops, kwa kumpa mtu mwingine kazi asiyoijua, alipata nafasi ya kuikamilisha ile aijuayo. Heupel, aliyekuwa wa pili mwaka huo katika tuzo ya Heisman, apewayo mchezaji bora wa vyuo, akawa mwana mpendwa wa nyumba.

Kama kisa kingaliishia hapo kingalikuwa sifa tupu. Lakini miaka 14 baadaye jambo lile lile lilirudi, likiwa limevaa sura ya mtu yule yule aliyeileta furaha.

Heupel alirudi Norman mwaka 2006 kuwafundisha makwotabeki. Kwa muda huo walimu wa mashambulizi walikuwa wamekuja na kwenda, na kila aliyefaulu aliitwa kwingine kuwa mkuu: Mangino alikwenda Kansas, Kevin Wilson akaenda Indiana. Wilson alikuwa ameiongoza kazi hiyo mwaka 2008, timu ilipofunga pointi 716 katika msimu mmoja. Alipoondoka mwishoni mwa mwaka 2010, kazi waliipokea Heupel na Jay Norvell. Matunda yao hayakuwa mabaya: mwaka 2011 na 2012 timu ilishinda mapambano 10 kila msimu; mwaka 2013 ilishinda 11, na mwanzoni mwa Januari 2014 iliwapiga Alabama 45 kwa 31 katika pambano la Sugar Bowl, ushindi ambao wachache waliutazamia.

Lakini kidogo kidogo mashambulizi yalikuwa yamepoteza sura. Siku moja yalitegemea mbio, siku nyingine kurusha. Yalikuwa na mambo mengi na hayakuwa na jambo moja. Msimu wa mwaka 2014 timu ilishindwa mara 5. Tarehe 29 Desemba, mjini Orlando, Clemson iliishinda Oklahoma 40 kwa 6. Mwalimu wa ulinzi wa Clemson siku hiyo alikuwa Brent Venables, aliyekuwa kati ya wasaidizi wa Stoops tangu mwaka 1999 na mshirika katika ubingwa wa mwaka 2000. Mwana mmoja wa nyumba alimfungia mlango mwana mwingine.

Mwezi Januari 2015 Stoops aliwaondoa Heupel na Norvell. Ni vigumu kuupima uzito wa tendo hilo kwa hesabu za uwanjani. Ubingwa wa pekee wa taifa alioupata Stoops katika miaka yake yote ya ukuu ulipitia katika mkono wa kushoto wa Heupel. Kama deni la mwalimu kwa mwanafunzi lapatikana po pote, lilipatikana hapo. Walikuwako watu ambao wangaliona kuwa fadhila hiyo ilistahili angalau msimu mmoja zaidi. Stoops aliona kuwa shukrani ni deni la mtu kwa mtu, na kazi ni amana ya watu wengi: vijana wa timu, ambao kila mmoja ana miaka michache tu ya kucheza wala hatarudishiwa hata mmoja. Kulipa deni lake mwenyewe kwa miaka ya vijana hao kungalikuwa kulipa kwa mali isiyokuwa yake.

Naye alirudi kuchota katika kisima cha mwaka 1999. Alimwita Lincoln Riley toka East Carolina, kijana wa miaka 31 aliyezaliwa Texas. Riley aliingia Texas Tech akitaka kuwa kwotabeki. Leach aliona kuwa hatacheza sana, akamfanya msaidizi angali mwanafunzi. Basi elimu iliyotoka Norman kwa mlango mmoja mwaka 1999 ilirudi kwa mlango mwingine mwaka 2015, ikiwa imekua. Chini ya Riley wapokeaji walitawanywa tena, lakini wakimbiaji hawakusahauliwa. Mfumo ulikuwa mmoja, na kila hila ilikuwa ndugu wa mwenziwe.

Haki yataka isemwe pia kuwa Riley alikuta mali ambayo mtangulizi wake hakuruhusiwa kuitumia. Baker Mayfield, kwotabeki aliyehama toka Texas Tech, alikuwapo Norman mwaka 2014, lakini sheria za kuhama zilimkataza kucheza mwaka ule. Mwaka 2015 aliruhusiwa. Timu ilishindwa na Texas mwezi Oktoba, kisha ikashinda mapambano 7 mfululizo na kuingia katika nusu fainali ya taifa, iliposhindwa na Clemson 37 kwa 17. Toka mwaka huo hata 2020 Oklahoma ilipata ubingwa wa shirikisho la Big 12 mara 6 mfululizo. Stoops alistaafu mwezi Juni 2017, na Riley akapewa kiti chake. Mayfield alipata tuzo ya Heisman mwaka 2017, na mrithi wake Kyler Murray akaipata mwaka 2018.

Mara ya tatu ilikuja wakati Stoops hakuwa tena mwenye kuchagua. Mwishoni mwa mwaka 2021 Riley alihamia Chuo Kikuu cha Southern California, na Venables akaitwa toka Clemson kuwa mwalimu mkuu. Kwa hiyo nyumba ilirudi mikononi mwa mtu wa ulinzi, na swali la mwaka 1998 likarudi pamoja naye. Kwa msimu wa mwaka 2024, timu ilipoingia katika shirikisho gumu la SEC, kazi ya mashambulizi ilikabidhiwa Seth Littrell, aliyecheza katika kikosi cha ubingwa cha mwaka 2000. Alikuwa mwana wa nyumba kwa damu na jasho, tena aliyewahi kufundisha chini ya Leach. Haikutosha. Mwezi Oktoba, msimu ukiwa katikati, aliondolewa. Na mwezi Desemba aliitwa mgeni, Ben Arbuckle wa Washington State, mtu wa miaka 29 tu.

Kabla ya hayo, tarehe 21 Septemba 2024, lilichezwa Norman pambano la kwanza la Oklahoma katika shirikisho lake jipya. Wageni walikuwa Tennessee. Mwalimu wao mkuu alikuwa Josh Heupel. Baada ya mwaka 2015 alianza upya katika chuo cha Utah State, akaenda Missouri, akawa mkuu wa timu ya Central Florida, na tangu mwaka 2021 mkuu wa Tennessee, ambayo mwaka 2022 iliishinda Alabama 52 kwa 49. Mashambulizi yake sasa yalikuwa na jambo moja: yalitawanya wachezaji kwa upana usio wa kawaida na kucheza kwa haraka bila kumpa adui pumzi. Huenda asingalilipata kama angaliachwa alipokuwa. Tennessee ilishinda 25 kwa 15.

Si vema kuusoma ushindi huo kama kisasi, wala kama ushahidi kuwa Stoops alikosea. Mtu aliyeondolewa mwaka 2015 hakuwa yule aliyerudi mwaka 2024. Na nyumba iliyomwondoa ilivuna, katika miaka 6 iliyofuata, kitu kilichokuwa kimeanza kuipotea. Leach, aliyeanzisha yote haya kwa msimu mmoja na karatasi moja ya uongo, alikufa mwezi Desemba 2022 akiwa na miaka 61, na hakupata kuwa bingwa wa taifa kama mwalimu mkuu. Lakini wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake, walikuwa wamekwisha enea katika vyuo vingi vya nchi ile.

Wembe mzuri hauulizi kichwa ni cha nani, na kinyozi mwenye busara hauulizi wembe umetoka nyumba gani. Stoops aliinama mara mbili: mara ya kwanza mbele ya mgeni aliyemsumbua, na mara ya pili mbele ya ukweli kuhusu mtu aliyempenda. Ya kwanza ilimpa ubingwa. Ya pili haikumpa ubingwa wo wote wa taifa, nayo ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi.